Ombi la mama ambalo sikuliandika

Maneno ya mwalimu kwa wazazi, katika kuadhimisha Siku ya Watu Wenye Ulemavu, 3 Desemba



Nimepewa dakika chache niseme juu ya watoto wetu wenye ulemavu na shule. Haki zao zimeandikwa. Uganda iliyotupokea ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, kila familia ilipewa nafasi ya watoto wanne, na mtoto mwenye ulemavu aliwekwa mbele katika hesabu hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 24 kwamba mtoto asifungiwe mlango wa shule kwa sababu ya ulemavu wake, na apewe msaada anaouhitaji. Basi mzazi anayesimama mkutanoni haombi sadaka.

Sasa niwaambie kosa langu. Miaka michache iliyopita, mama mmoja alisimama kwenye mkutano wa wazazi, saa za jioni, tulipofika kwenye “Mengineyo”. Akasema: “Mwalimu, sikio la mtoto wangu linatoa usaha tangu tulipokuwa njiani kutoka Fizi. Naomba akae mbele, na shule ituandikie barua ya kwenda kwa daktari.” Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, sasa tunazungumza michango. Watu wakacheka. Mama akakaa.

Mwandishi wa mkutano ule nilikuwa mimi. Sikuandika hata neno moja. Na mtoto mwenyewe alikuwa wa darasa langu, mstari wa nyuma, kati ya watoto zaidi ya mia. Nilidhani shida yake ni lugha: nyumbani Kibembe na Kiswahili, shuleni Kiingereza. Kwenye ripoti nilimwandikia “mzembe”. Nasema haya mbele yenu nikiona aibu.

Muhula uliofuata walikuja wageni wa shirika moja, wakitafuta shule ya kusaidia watoto wenye shida ya kusikia na kuona. Wakasoma vitabu vyetu vya mikutano. Hawakuona ombi lolote la mzazi. Wakaenda shule nyingine.

Siku ile ndipo nilipomwita mtoto, nikasimama nyuma yake na kutaja jina lake kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nilimleta mstari wa mbele, upande wa sikio lake zima, na barua ya daktari ikaandikwa, imechelewa karibu mwaka mzima. Alianza kunakili ubaoni pamoja na wenzake. Sikio lile jingine halikupona.

Wazazi, mkija mkutanoni msiseme tu “mtoto wangu ana shida”. Semeni kinachotakiwa: akae mbele, njia ya chooni isawazishwe, kiti cha magurudumu kipite, atafutwe mwalimu anayejua lugha ya alama. Aliye na mtoto wa darasa la saba aulize mapema, wakati wa kuandikisha, kama shule imemwombea muda wa ziada katika mtihani wa taifa. Siku ya mtihani yenyewe ni kuchelewa. Msiende peke yenu, maana mmoja huchekwa kirahisi. Wakisimama wanne, mwenyekiti hunyamaza. Na wale ambao watoto wao wako ndani ya nyumba kwa kuogopa maneno ya majirani, nami nina majirani hao hao. Njooni hivyo hivyo.

Ndugu wa mashirika, karatasi zetu msiziamini sana. Njooni mkae nasi mpaka “Mengineyo”.

Ndugu Mwenyekiti, naomba maombi ya wazazi hawa yawe ajenda ya pili katika mkutano wa kufungua muhula, kabla ya michango. Kalamu bado ninayo mimi. Kabla hatujafunga nitasoma kwa sauti kila ombi nililoandika. Usiposikia lako, simama tena.