Piga 115: Usafiri wa Dharura kwa Mama na Mtoto Mchanga

Ndugu wananchi wa Songwa, uchungu wa uzazi hausubiri gari la mnada, wala mume arejee kutoka machimboni.

Mfumo wa M-mama, ulioanzia kwa majaribio Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupatikana kwa namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwa mbali, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Familia haitozwi nauli.

Wanaohudumiwa ni wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28.

Asicheleweshwe mama kwa kungoja mbuzi auzwe. Kila kaya iiandike namba hiyo ukutani leo. Usiku wa dharura si wakati wa kuitafuta.