Kuijua Homa ya Matumbo na Kupona Sawasawa



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao jina lake halikosekani barazani, kwenye daladala wala kwenye benchi la zahanati: homa ya matumbo, ambayo wengi wetu huiita taifodi. Ofisi yetu hushughulika na ubora na usalama wa dawa na vifaa vya uchunguzi, hatutibu wagonjwa. Kwa hiyo mazungumzo haya yataegemea upande wa yule anayelipa: analipia kipimo gani, ananunua dawa gani, na atajuaje kwamba amepona.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Homa ya matumbo huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Makao yake ni mwili wa binadamu peke yake. Hatoki kwa kuku, ng'ombe wala panya. Hutoka na kinyesi, na wakati mwingine mkojo, wa mtu aliyeambukizwa, akaingia kinywani mwa mwingine kwa njia ya maji, chakula au mikono. Baada ya hapo hupita wiki moja au mbili, pengine zaidi, kabla mtu hajajisikia vibaya. Ndiyo maana si haki kuulaumu mlo wa jana. Anayetapika na kuharisha saa chache baada ya kula chipsi za njiani ana tatizo, lakini kwa kawaida tatizo hilo si taifodi.

Homa yake nayo ina tabia yake. Mara nyingi haiji kwa kishindo na kutetemeka. Hupanda siku hadi siku mithili ya mtu apandaye ngazi, kisha ikakaa huko juu. Huambatana na kichwa kuuma, uchovu, kukosa hamu ya kula na maumivu ya tumbo. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, na wapo wanaokohoa kikohozi kikavu. Isipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kuvuja damu au kutoboka, na hapo mgonjwa huhitaji upasuaji wa haraka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 9 waliugua duniani, na wapatao 110,000 wakafariki. Twayasema haya kwa sababu ugonjwa unaotajwa kila siku huanza kudharauliwa.

Na kwa nini unatajwa kila siku? Hapa ndipo tungependa kukaa kitako.

Kipimo kinachotumika sana katika maabara ndogo huitwa Widal, kwa jina la tabibu Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa ili kupambana naye. Mnapopewa karatasi iliyoandikwa O 1:160 au H 1:80, msidhani kwamba maabara imehesabu wadudu 160. Namba hiyo yaeleza majimaji ya damu yamezimuliwa kwa kiasi gani na bado yakaonyesha kuwapo kwa kingamwili. Fikirini sufuria ya mchuzi wenye pilipili: unaongeza maji, unaonja, unaongeza tena, unaonja. Mchuzi ambao baada ya maji mengi bado unawasha, ulikuwa na pilipili nyingi. Lakini ulimi hauwezi kukwambia kama pilipili hiyo ilitiwa leo au ilibaki sufuriani tangu mapishi ya juzi.

Ndivyo ilivyo kwa Widal. Kingamwili huweza kudumu damuni kwa miezi mingi baada ya ugonjwa kwisha. Huweza kutokana na chanjo au na bakteria wengine wa jamii ya Salmonella, na hata malaria imeonekana kupotosha majibu. Mahali ambapo watu wengi walikwisha kukutana na vimelea hivi, kipimo kimoja cha siku moja hakitoshi kuthibitisha kwamba mtu ana taifodi. Upande wa pili nao upo: mgonjwa wa kweli aliyepimwa mapema mno aweza kuambiwa hana kitu, kwa kuwa askari wake hawajajipanga.

Tuchukue mfano wa mama lishe anayesumbuliwa na homa za mara kwa mara. Januari amepimwa, ameambiwa taifodi, amenunua dawa. Aprili vivyo hivyo. Julai vivyo hivyo. Majirani wanasema taifodi yake ni sugu. Huenda hajawahi kuwa nayo hata mara moja. Yawezekana ana maambukizi ya njia ya mkojo, au brusela aliyoipata kwa maziwa mabichi, au kifua kikuu, na kila dozi inapooza dalili kwa muda huku ikiusogeza mbele uchunguzi uliostahili kufanywa tangu Januari. Mtaji wa mchele na mafuta umekwisha, na ugonjwa uko pale pale. Tunaona hili ni baya kuliko gharama ya kipimo chenyewe.

Kipimo kinachomtafuta bakteria mwenyewe ni kile cha kuotesha damu. Majibu yake huchukua siku kadhaa, nacho hakipatikani kila mahali. Aghalabu ni katika hospitali kubwa. Damu yafaa itolewe kabla mgonjwa hajaanza kumeza antibiotiki, maana vidonge viwili vitatu vya kujinunulia vinaweza kuwaficha vimelea. Hata hivyo hakiwakamati wagonjwa wote. Pale kisipopatikana, daktari anaweza kuamua kutibu kwa kuzingatia historia na dalili, na uamuzi huo ni halali. Tunachowaomba ni kuuliza: kipimo hiki kimetafuta nini, malaria imepimwa, na ni kitu gani kingine kinachoweza kuleta homa hii? Mhudumu mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Tugeukie dawa. Kuanzia mwaka 1948 kloramfenikoli ilikuwa mkombozi wa wagonjwa wa taifodi. Baadaye vimelea vikaizoea. Dawa nyingine zikafuata njia hiyo hiyo. Katika jimbo la Sindh nchini Pakistani, tangu mwaka 2016, imesambaa taifodi isiyosikia dawa nyingi za kawaida, ikiwemo sindano ya seftriaksoni, hata madaktari wakabakiwa na dawa chache mno za kuchagua. Usugu wa namna hiyo hulelewa na matumizi ya ovyo: kununua nusu dozi, kugawana vidonge na ndugu, kumeza antibiotiki kwa kila homa. Ndiyo sababu dawa hizi hutakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari, na ndiyo sababu twamsihi mnunuzi asimshinikize muuzaji wa dawa.

Kuna jambo dogo ambalo watu wachache huambiwa. Siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, hushikamana na madini yaliyomo katika maziwa, vidonge vya kuongeza damu na dawa za kutuliza kiungulia, ikashindwa kuingia mwilini ipasavyo. Ile desturi ya kusindikiza dawa kali kwa glasi ya maziwa, hapa inamhujumu mgonjwa. Mezeni kwa maji, na mwelezeni mfamasia dawa nyingine zote mnazotumia.

Hata dawa ikiwa sahihi, homa haikatiki usiku mmoja. Kwa kawaida huchukua siku tatu hadi tano kushuka. Hivyo siku ya pili si siku ya kubadilisha dawa kwa ushauri wa jirani. Lakini siku tano zikipita bila nafuu yoyote, rudini kwa aliyewatibu. Maumivu makali ya tumbo, damu chooni, choo cheusi kama lami, kutapika mfululizo au kuchanganyikiwa havisubiri siku tano wala saa tano.

Homa ikishashuka, kishawishi cha kuweka akiba ya vidonge vilivyobaki huwa kikubwa. Vimalizeni kama mlivyoandikiwa. Hata baada ya dozi kamili, baadhi ya wagonjwa hurudiwa na ugonjwa ndani ya wiki chache, kwa hiyo homa mpya katika kipindi hicho irudishwe hospitali. Msiende kurudia Widal ili kuona kama taifodi imeisha. Tumekwisha kueleza kwamba askari hubaki kambini baada ya vita. Kupona hupimwa kwa homa kukoma, hamu ya kula kurudi na nguvu kuongezeka taratibu.

Taratibu, kweli. Udhaifu huweza kudumu kwa wiki kadhaa, na wengine nywele hupukutika miezi miwili mitatu baadaye, kisha zikaota tena. Mgonjwa ale kidogo kidogo na mara kwa mara: uji, wali laini, ndizi za kupikwa, mayai, samaki, mchuzi usio na pilipili nyingi. Anywe maji ya kutosha. Hana haja ya kununua dawa za kusafisha utumbo zinazotangazwa kwa vipaza sauti stendi.

Wapo waliopona kabisa machoni pa watu, lakini bakteria akabaki katika kifuko cha nyongo. Kati ya wagonjwa 100, mmoja hadi watano huendelea kumtoa kwa zaidi ya mwaka bila kuumwa. Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi New York, alitengwa na serikali kuanzia 1907 hadi 1910, na tena kuanzia 1915 hadi kifo chake mwaka 1938, kwa sababu hiyo. Siku hizi mbebaji hutibiwa, hafungwi. Anayepikia wengine apimwe choo, na asirudi jikoni hadi mganga amruhusu. Nyumbani, sabuni baada ya choo, maji yaliyochemka hadi kutokota na kuhifadhiwa kwenye chombo chenye mfuniko, na tahadhari na barafu na kachumbari msizojua zimetengenezwa kwa maji gani.

Mwisho, kuhusu pakiti. Nunueni katika duka lililosajiliwa, mwangalie tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, na mdai risiti. Dawa ikileta vipele, kano ya kisigino ikianza kuuma ghafla, au vidonge vikiwa vimebadilika rangi, mwambieni mhudumu wa afya ajaze fomu ya njano ya taarifa na kuituma kwetu. Pakiti msiitupe, bila namba ya toleo hatuwezi kujua ni shehena ipi ya kwenda kuichunguza.