Pakiti Moja, Lita Moja

Ndugu wasikilizaji, juma hili nazungumzia kemia, na tafadhali msizime redio. Wapo wazazi wanaouliza kijana wa sekondari anafaidi nini kudondosha besi katika asidi, tone baada ya tone, akingoja rangi igeuke. Jibu langu liko Kigoma.

Wilaya ya Kasulu imepokea wakimbizi wa Burundi kwa miaka mingi. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Mei 2015 wakaja wengine, makumi ya maelfu, wakarundikana katika kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, wakingoja meli ya Liemba iwafikishe Kigoma mjini, ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikawakuta palepale, kikaua watu zaidi ya 30.

Ugonjwa huu haumwagi maji peke yake. Hutoka nayo bikaboneti, ambayo ni bafa ya damu, yaani kinga inayomeza asidi ili damu ibaki karibu na pH 7.4. Kijana wetu wa maabara akikuta bafa chupani, atadondosha matone mengi na rangi isigeuke. Kisha, ghafla, imegeuka. Mgonjwa naye hutudanganya hivyo hivyo. Anaonekana anastahimili, mara anaanza kuhema kwa kasi na kwa kina.

Ndiyo maana pakiti ya ORS ya lita moja, mbali na gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi na 1.5 za kloridi ya potasiamu, ina gramu 2.9 za sitreti, ambayo mwili huigeuza bikaboneti. Zamani iliwekwa bikaboneti yenyewe, lakini katika ghala zenye joto na unyevu unga uliharibika mapema. Ikabadilishwa miaka ya 1980.

Sasa mijini kuna watu wanaokoroga pakiti nzima katika glasi moja, ati iwe kali! Unga wote unayeyuka, maji yanang'aa, macho hayana la kusema. Lita moja ya maji huyeyusha zaidi ya gramu 300 za chumvi. Lakini mchanganyiko mzito huvuta maji ya mwili kuyaingiza utumboni, na kuharisha kukazidi. Ipimwe lita kamili ya maji safi, kwa chupa, si kwa kukadiria. Kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe, ikorogwe nyingine. Na mgonjwa akitapika asinyimwe: apewe kijiko kwa kijiko, hata njiani kuelekea zahanati.