Adui Aliyezeeka na Majina Yasiyoandikwa



Mwaka 1953 mzee wa Kijerumani mwenye miaka 83 alirudi kuitembelea Afrika Mashariki. Aliitwa Paul von Lettow-Vorbeck. Askari wake wa zamani waliokuwa bado hai walimpokea kwa wimbo wao wa safari, na maafisa wa Kiingereza, ambao alipigana nao kwa miaka minne, wakampa heshima za kijeshi. Adui alikuwa amegeuka mgeni.

Mzee huyo anaihusu Kwale moja kwa moja. Tarehe 7 Oktoba 1914 jeshi la Wajerumani lilishambulia Gazi likitaka njia ya kwenda Mombasa. Maafisa wa Kiingereza waliokuwa na kikosi cha Keya pale walijeruhiwa wote, na Sajini Sumani, Mwafrika, ndiye aliyeongoza askari kumkabili adui hadi akarudi nyuma. Mwezi wa Disemba Waingereza wakasonga mbele kupitia bonde la Umba, wakavuka mpaka na kuweka kituo Jasini, kwenye mashamba ya mkonge, hatua chache tu kutoka Vanga.

Lettow-Vorbeck mwenyewe alikuja kukichukua kituo hicho tarehe 18 Januari 1915. Waliokuwa ndani wengi wao walikuwa askari wa Kihindi. Kamanda wao, Kanali Raghbir Singh, aliuawa. Keya walijaribu kuwafikia wakashindwa, na siku ya pili risasi ziliwaishia, wakajisalimisha. Mjerumani aliwasifu maafisa wawili wa Kiingereza aliowateka, akawarudishia panga zao na kuwaachilia kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita hivyo. Ni kitendo cha kiungwana, na vitabu vingi hukisimulia. Ila uungwana wa upanga ni wa maafisa. Aliyebeba sanduku la risasi hakuwa na upanga wa kurudishiwa.

Tena ushindi huo ulimgharimu. Alijeruhiwa mkono, akapoteza maafisa aliowategemea na risasi zipatazo 200,000. Baadaye aliandika kwamba kwa akiba aliyobaki nayo angeweza vita vingine vya namna hiyo vitatu tu, pengine hata visifike. Akaamua kuepuka mapambano makubwa: kuvizia, kupiga na kuhama. Hivyo ndivyo alivyowavuta Waingereza nyuma yake hadi Msumbiji na Zambia ya leo, akajisalimisha tarehe 25 Novemba 1918.

Hapo ndipo hesabu ya kweli ilipo. Jeshi linalohama pasipo barabara, katika nchi ya mbung'o ambako punda na ng'ombe hufa, hubebwa na vichwa vya watu. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja, na jina la kikosi chao lingali midomoni mwa watu, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Idadi rasmi ya waliokufa inazidi 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa vizuri, na chakula cha askari kilitoka kwenye ghala za wanavijiji. Mpaka wenyewe ulikuwa umepita katikati ya Wadigo, ndugu wa Vanga akawa chini ya bendera moja na ndugu wa Tanga chini ya nyingine, bila yeyote kati yao kuulizwa.

Wakubwa walipatana mapema. Jenerali Jan Smuts, aliyemwinda Lettow-Vorbeck mwaka 1916, alikutana naye London mwaka 1929 kwenye karamu ya maaskari wa zamani. Baada ya Vita vya Pili Mjerumani huyo alikuwa fukara, wanawe wawili wamekufa vitani, na Smuts akamtumia vifurushi vya chakula. Ni jambo la utu na halipaswi kubezwa. Mwaka 1964, mwaka aliofariki, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wazee mishahara iliyobaki. Husimuliwa kwamba huko Mwanza wasiokuwa na vyeti walipewa fimbo ya ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani, na kwamba hakuna aliyesahau gwaride. Wapagazi hawakuwa na gwaride la kukumbuka.

Sanamu ya askari jijini Mombasa, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja kwa jumla. Jina la mtu mmoja mmoja halipo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Jina la Sumani lilibaki kwa sababu siku ile kila Mzungu aliyekuwa juu yake alikuwa ameanguka. Majina mengine yamebaki kwa bibi na babu. Nyumba yenye nishani ndani ya sanduku, cheti cha Keya au hadithi ya babu aliyechukuliwa asirudi, na iandike sasa: jina lake, la babake, kijiji, alichukuliwa na upande gani, alionekana wapi mara ya mwisho. Karatasi za wilaya za wakati huo ziko Nairobi kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na mwenye jina na kijiji huwa na pa kuanzia kutafuta. Walioko Vanga wawaulize pia jamaa zao wa Jasini.