Nyoka wa Ghalani

Jioni hii twapenda kuzungumza juu ya mgeni asiyekaribishwa na mtu, yaani nyoka.

Usiku mmoja, kwetu Nyanga karibu na mji wa Bukoba, watoto walipiga kelele ghalani. Nyuma ya kikapu cha maharage alijikunja nyoka wa rangi ya kahawia, urefu wake wapata mkono mzima. Jirani yetu akaja mbio na panga. Tukamwomba angoje, tukawatoa watoto, tukamulika taa nasi tumesimama mbali. Magamba yake yalikuwa laini, yakang'aa. Na kila upande wa kichwa palikuwa na mistari miwili myembamba iliyofifia, mmoja ukipita jichoni. Tukamtambua: ni nyoka wa nyumbani, asiye na sumu, naye huwinda panya usiku na kuwaua kwa kuwabana.

Jirani akasema, "Mwalimu, nyoka ni nyoka."

Tukamjibu, "Kweli, Mzee, lakini na panya ni panya."

Wazee wa Kiziba walilijua jambo hilo. Panya walipokufa nyumbani, watu walihama, maana tauni ilikuwa njiani. Daktari Mjerumani Robert Koch alizichapisha habari hizo mwaka 1898. Viroboto wa panya ndio waletao ugonjwa huo. Nyoka mmoja hawezi kuzuia tauni, lakini amlaye panya si adui wa nyumba.

Basi tukalaza debe kando ya ukuta, tukamsukuma polepole kwa ufagio mrefu, akaingia gizani mwenyewe. Tukafunika mdomo wa debe kwa ubao, tukalichukua hata mwisho wa kibanja penye mawe, tukalilaza tena, tukarudi nyuma. Akaenda zake.

Lakini, ndugu zetu, tulifanya hivyo kwa kuwa tulimjua. Nchi yetu ina kifutu na swila pia, na rangi ya kahawia peke yake si ushahidi. Usiyemjua usimguse wala usimpige. Wengi huumwa wakijaribu kumwua. Watoe watu, mwachie njia ya kutokea, mwite ajuaye. Na mtu akiumwa, msimchanje, msimfunge kamba, msinyonye jeraha. Atulie, asitembee, achukuliwe upesi hospitalini.

Siku chache baadaye jirani yetu alikuja tena mbio, safari hii mikono mitupu. "Mwalimu, yumo mmoja jikoni, na mistari sikuiona!"

"Mlango je?"

"Nimeuacha wazi, na watoto wote wako nje."

Tulipofika, jiko lilikuwa tupu. Hatukujua alikuwa nyoka wa namna gani, wala hatukuwa na haja ya kujua. Hakuna aliyeumwa, wala hakuna aliyeuawa.