Oili Ikivuja, Anza na Briza: Kusafisha Mfumo wa Kupumulia wa Injini ya Zamani



Mada hii nitaijenga juu ya injini tunayoijua sote, 5A-FE ya Toyota Corolla za miaka ya 1990. Hoja yangu ni moja: gari likivuja oili, tusishushe gia boksi kubadilisha sili ya nyuma ya kranki kabla hatujakagua vali ya PCV, yaani ya mfumo wa kupumulia wa injini (briza), na mipira yake.

Hata injini nzima hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu. Gesi hiyo hubeba petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi. Ikikosa pa kutokea, presha hupanda na oili hutafuta upenyo: gasketi ya kava ya tapeti, sili za kranki, wakati mwingine hadi dipstiki inasukumwa juu. Ukifunga sili mpya na presha ikabaki palepale, mteja atarudi.

Njia ya gesi hiyo kutokea ni vali ya PCV, iliyochomekwa kwenye raba juu ya kava ya tapeti, na mpira wake unakwenda kwenye manifoldi. Mpira wa pili, ulio mnene zaidi, unaunganisha kava na bomba la hewa linalotoka kwenye ea klina. Huo ndio unaoingiza hewa safi. Gari likiwa sailensa, mvuto wa manifoldi ni mkali na kipini cha ndani ya vali hubana njia. Ukikanyaga mafuta, mvuto hupungua, springi hukirudisha na njia hupanuka. Kipini kikiganda wazi, sailensa huyumba. Kikiganda kimeziba, ndiyo hiyo presha.

Sasa kazi yenyewe. Injini ipoe. Itoe vali huku ukiizungusha taratibu, kwa maana raba iliyokauka hukatika na vipande hudondokea ndani ya kava. Itikise, isikike ikigonga. Chukua kipande cha mpira safi, pulizia upande wa kava: hewa ipite bila taabu. Geuza upande wa manifoldi: ipite kwa shida. Usifyonze, mle ndani mna sumu. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta mpaka inayochuruzika iwe safi, kisha rudia kipimo. Bado inasuasua? Nunua nyingine, haifai kubembelezwa.

Wengi wetu huishia hapo. Vali inang'aa, lakini tundu ambalo gesi kutoka kwenye vali huingilia kwenye manifoldi limejaa kaboni ngumu. Likwangue kwa waya injini ikiwa imezimwa, na uvute uchafu nje kwa kitambaa, usiusukume ndani. Mipira ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa; usitumie petroli, huivimbisha. Uliolegea kwa oili ubadilishwe kwa mpira unaostahimili oili. Ule wa maji utalainika, na mvuto utaubana ukawa bapa.

Kuna mafundi huchomoa mpira wa vali, wakaziba manifoldi kwa bolti na kuuning'iniza mpira chini ya gari. Presha inapungua, ni kweli. Lakini huko ni kurudi enzi za kabla ya 1961, mwaka ambao magari mapya yaliyouzwa California yalianza kufungwa vali hii ili kupunguza moshi mchafu mjini. Na mvuke wa maji, usipofagiliwa na hewa safi, hubaki kuharibu oili.

Jambo jingine, hasa kwa wenzetu wa Njombe na Mbeya: gari la safari fupi asubuhi za baridi huweza kuonyesha utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Kabla ya kumwambia mwenye gari kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, kagua kiwango cha maji ya rejeta na safisha briza kwanza.

Ukimaliza, washa, fungua kifuniko cha oili gari likiwa sailensa. Moshi ukiendelea kutoka kwa kusukuma, pima kompresheni. Silinda iliyo dhaifu itie oili kidogo kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, shida ni ringi, na hapo bei ya kuzungumza na mteja ni nyingine.