Kadi, Jina na Kaumu: Juu ya Hadhi ya Watuma Salamu

Mhadhara wa umma uliotolewa Kirumba, Mwanza



Imekuwa desturi ya mihadhara ya namna hii kuanzia mbali, kwa Wayunani na Warumi, kisha kushuka polepole hata kufika nyumbani jua limekwisha kuchwa. Mimi naomba ruhusa nianzie hapa hapa Kirumba, penye soko la samaki la Mwaloni, kwa kuwa jambo nililokusudia kulinena, yaani uhusiano uliopo baina ya wingi wa atendayo mtu katika jamii iliyokutanishwa na mapenzi matupu, na hadhi anayopewa na jamii hiyo, limetendeka miaka mingi mbele ya masikio yetu, nasi hatukulihesabu kuwa ni elimu. Nakusudia kadi za salamu.

Vijana waliozaliwa baada ya simu za mkononi kuenea watahitaji maelezo kidogo. Kadi ya salamu ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichopigwa chapa, kikauzwa dukani pamoja na sabuni na viberiti, chenye nafasi ya jina la mtumaji na mahali alipo, mistari ya majina ya wanaosalimiwa, na chini kabisa pahali pa ujumbe, ambao aghalabu ulikuwa methali au nasaha ya maneno machache. Mtangazaji aliisoma kwa pumzi moja, muziki ukimngojea, akaiweka kando, akashika nyingine. Hapakuwa na tuzo, wala mshahara, wala cheo serikalini. Na juu ya hayo walikuwako watu, makuli, makarani, mafundi cherehani, mama lishe, waliotoa katika riziki yao kila juma fedha za kadi na stempu, wakafahamika toka Bunda hata Sengerema kwa majina ambayo mama zao hawakuwapa.

Utangazaji wa redio ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951 ulikuwa kazi ndogo ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 ukafanywa shirika, na mwaka 1965 ukawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu. Humo mlikuwa na kipindi cha Ugua Pole, cha kuwaliwaza wagonjwa, ambamo salamu ilikuwa karibu na sadaka, mzima akimkumbuka aliyelala kitandani. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na hapa Mwanza tukaipata Radio Free Africa, salamu zikapanuka zikawa uwanja wa watu wengi zaidi. Wala hatukuwa peke yetu. Kenya ilikuwa na vyama vya watuma salamu vyenye mwenyekiti na mweka hazina. Na idhaa ya Kiswahili ya China, iliyoanza mwaka 1961, ilikuwa na kipindi chake cha Salamu Zenu, hata mtu wa Nansio akaweza kumsalimu jirani yake wa Bukindo kwa njia ya Beijing, masafa ambayo, nadhani, hata Ibn Batuta angeyastaajabia.

Sasa, hadhi ilipatikanaje? Jibu la haraka ni kwamba ilipatikana kwa wingi wa kadi, na jibu hilo lina ukweli wake. Msikilizaji aliyesikia jina moja Jumatatu, akalisikia tena Jumatano na Ijumaa, alianza kulitazamia kama anavyotazamia taarifa ya habari, na siku lisiposikika aliuliza kama mwenyewe ni mgonjwa. Lakini zingatieni kwamba hesabu hii haikuandikwa na mtu. Redio haikutangaza kwamba fulani ametimiza kadi mia tano, wala hapakuwa na daftari lililobandikwa ukutani. Daftari lilikuwa masikio ya watu waliotawanyika visiwani na vijijini, na kila mmoja alihesabu kwa kadiri ya alivyobahatika kusikiliza. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujidai idadi, ilimpasa ashuhudiwe.

Twaeni kambi ya wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazina kazi, kwa maana samaki hawavutwi na mwanga mdogo mbele ya mwanga mkubwa. Basi mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu zikashonwa, na kambi nzima ikapumzika hata giza lirudi. Siku hizo redio moja ya betri ilitosha watu ishirini. Mshona nyavu hakuinua macho kwa muziki, lakini kadi ziliposomwa mkono ulisimama na uzi ukiwa bado kwenye sindano, kwa kuwa huenda katika orodha ya majina likatajwa jina la kambi yao, na kutajwa kwa kambi kulimaanisha kwamba kuna mtu Kirumba anayejua kwamba wako hai na hawajasahauliwa. Aliyewataja wavuvi mwezi mpevu, wakati anajua wanasikiliza, alipata kwao heshima ambayo mtuma kadi arobaini za kuwasalimu wakubwa wa mji hakuipata. Kadi moja, ikiwa imetumwa kwa akili, ilizidi kadi arobaini.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo penye mzizi wa maneno yangu. Kipindi cha salamu kina mpaka wake. Ukiondoa muziki na matangazo ya biashara, dakika zinazobaki haziwezi kumeza kadi zote zilizomo guniani. Kila kadi iliyosomwa ilikuwa imeizuia nyingine isisomwe. Aliyetuma nyingi hakuwa mkarimu tu. Alikuwa pia mtwaaji wa zamu za wenzake, na yule mama wa Geita aliyejinyima akanunua kadi moja ya kumsalimu mwanawe aliye jeshini angeweza kungoja mwezi mzima kwa sababu ya bwana mmoja wa mjini mwenye duka la stempu. Watangazaji wenye insafu walilijua hili, wakazichanganya kadi kabla ya kuingia studio ili mkono wa mtu mmoja usijae mezani. Lakini dawa kubwa haikutoka kwa mtangazaji. Ilitoka kwa kaumu yenyewe, ambayo polepole, bila ya kikao wala katiba, ilifikia adabu hii: anayekaa sana hewani hana budi kulipa kwa majina. Mtumaji mkongwe aliyewataja wenzake, akamtaja mgeni aliyetuma kadi ya kwanza juma lililopita, akamtaja mgonjwa wa hospitali ya Sekou Toure na mfiwa wa Igoma, alisamehewa wingi wake, na zaidi ya kusamehewa alipendwa. Lakini aliyerudia jina lake na majina ya rafiki zake watatu wenye magari alichekwa vijiweni, na cheko la kijiweni, kama mnavyojua, halina rufaa.

Kwa hiyo hesabu iliyokuwa na uzito haikuwa ya kadi ulizotuma, bali ya kadi za watu wengine ambazo ulitajwa ndani yake. Wajanja nao hawakukawia kuligundua hilo. Yakazuka mapatano ya nisalimu nikusalimu, watu wawili wakitajana kila siku hata msikilizaji akachoka nao wote wawili. Maulamaa wa dini wana neno lao kwa ibada ifanywayo ili watu waone, nayo ni ria, na sioni sababu ya kutafuta neno jingine kwa salamu itumwayo ili irudi. Hata hivyo nisiwe mkali kupita kiasi. Ria ya mwaka wa kwanza mara nyingine huzaa mazoea ya mwaka wa tatu, na mazoea yakazaa ujamaa wa kweli. Nimewaona watu walioanza kwa kutafuta sifa wakaishia kuchanga nauli ya maiti ya mwenzao ambaye hawakupata kumwona uso.

Mtaniuliza: je, Usukumani hatukuwa na kipimo cha hadhi kilicho bora kuliko hiki? Tulikuwa nacho, na bado tunacho. Toka karne ya 19, kwa mapokeo yanayowataja Ngika na Gumha kuwa waasisi, wachezaji ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika jamii mbili kubwa, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno hushindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Watazamaji hawakai mahali pamoja. Huenda huku, wakarudi kule, na upande uliovuta umati mkubwa zaidi ndio mshindi. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika aliyetoka Quebec akakaa Bujora, huko Kisesa, aliyapa mashindano hayo nafasi katika sikukuu ya Bulabo, na hata leo mwenye kutaka kuyaona hana haja ya kwenda mbali. Kisesa ni hapo tu, kwa njia ya Musoma. Mizani ya ngoma ina faida moja kubwa: anayepima ni mtazamaji, kwa miguu yake mwenyewe, na anaweza kubatilisha hukumu yake dakika ile ile asipopendezwa. Hapo katika uwanja wa mpira wa CCM Kirumba mtu hukata tiketi kwanza ndipo akaona mchezo, na akichukizwa fedha yake imekwisha kwenda. Uwanjani kwa Bagika na Bagalu mchezo hutangulia.

Lakini msidhani kwamba miguu haidanganyiki. Wachezaji wamejua zamani kuleta chatu uwanjani, na fisi, na dawa za kuvuta watu ambazo kila upande huzitukuza zake na kuzihofu za wenzake; na umati uliomkimbilia chatu haukumkimbilia manju. Yanayobaki baada ya vumbi kutua ni nyimbo, zile zitakazoimbwa shambani msimu ujao na watu walioshika majembe, wengi wao bila ya kukumbuka nani alishinda. Manju mwenye hekima huutaka umati kwa ajili ya siku ile, na wimbo kwa ajili ya mwaka, wala hachanganyi hesabu hizo mbili.

Sokoni nako kuna kipimo chao. Nimewasikiliza wafanya biashara wa Mwaloni wakitoa magunia ya dagaa kwa mali kauli, kwa mtu wa Bujumbura au Bukavu ambaye hawana dhamana yake ila neno lake. Hawamwulizi amekuja mara ngapi. Huuliza alilipa lini, na ule mwaka bei ilipoanguka alijificha au alikuja akasema.

Kisha ikaja simu. Ujumbe mfupi ukachukua mahali pa kadi, stempu ikaondoka, na aliyekuwa akituma kadi moja kwa juma akaweza kutuma ujumbe kumi kabla ya chai. Wengi walidhani uwanja umepanuka, kumbe hewa ilibaki ile ile na dakika zile zile. Kilichoondoka ni gharama, na pamoja na gharama ule ushahidi kwamba mtumaji alijinyima kitu. Majina yakawa mengi, heshima ikawa haba. Wakongwe wamehamia katika makundi ya simu, na humo kuna asemaye toka alfajiri hata usiku, lakini itokeapo taazia, macho ya wote humwelekea yule mtunza michango ambaye huandika mara mbili kwa mwezi: kiasi kilichopatikana, na majina ya waliotoa, kuanzia aliyetoa kidogo.

Naomba kwa taadhima jambo moja la kazi, kisha nikae. Katika nyumba za Kirumba, Kitangiri na Nyamanoro yamo masanduku yenye kadi zilizonunuliwa zisitumwe, na madaftari ya vyama yenye majina ya lakabu upande mmoja na michango upande wa pili. Mchwa wa mji huu hawana adabu ya karatasi. Mwenye nayo aje tuyanakili mezani pangu, ukurasa kwa ukurasa, naye arudi nayo nyumbani siku ile ile. Na tukiisha kunakili ndipo tutakapoweza kulinganisha, kwa wino na wala si kwa uvumi, waliotajwa sana na walioaminiwa fedha, tuone ni wangapi walikuwa watu wale wale.